Tumwite Mtunzi: Muziki wa Filamu Chini ya Kilimanjaro

Katika filamu fupi moja iliyopigwa Uru, juu kidogo ya mji wa Moshi, kijana anaingia uani kwa baba yake akiwa ameshika jani la isale. Wasomaji wa Uchagani hawahitaji kuambiwa maana yake. Kwa wengine, niseme kwamba isale ni mmea unaopandwa kuonyesha mpaka baina ya kihamba na kihamba, na kwamba jani la mmea huohuo ndilo linalobebwa na mwenye kosa aendapo kuomba radhi. Anayepelekewa jani hilo, hata awe na hasira ya miaka kumi, hana njia nyepesi ya kulikataa. Katika filamu hii ndugu wawili wamegombea mpaka, mdogo akang'oa masale usiku na kuyahamisha, na baada ya mengi kupita amerudi na jani la mmea uleule alioung'oa. Anapiga goti. Anasema maneno mawili tu: "Baba, nimekosa."

Hapo fidla zikaingia.

Hazikuwa fidla za mtu. Zilikuwa fidla za programu ya kompyuta, kumi na mbili kwa mpigo mmoja, zikipanda kama mvuke wa chungu kilichofunuliwa. Aliyetunga muziki wa filamu hiyo ni kijana niliyewahi kumfundisha Kiswahili sekondari, na ambaye sasa anaishi kwa kazi hiyo katika chumba kimoja cha kupanga pale Majengo, akirekodi usiku kwa sababu mchana bodaboda hazimpi nafasi. Fidla alizitunga yeye, lakini kwa ajili ya sehemu nyingine, kijana anapopanda kilima akitokea mjini. Kwenye neno la radhi yeye aliacha ukimya, na chini ya ukimya huo maji ya mfereji. Mwongozaji aliona kwamba watazamaji watadhani spika zimekatika, akazikata fidla za kilimani na kuzibandika pale. Majina yalipopita mwishoni mwa filamu, kijana wangu aliandikwa "prodyuza wa sauti".

Naandika kwa sababu ya mambo hayo mawili, fidla na jina, na nitajaribu kuonyesha kwamba ni jambo moja.

Tuanze na fidla. Hesabuni mizani: ba-ba-ni-me-ko-sa. Sita. Sikio lililolelewa na utenzi, au na kipande cha shairi la tarbia, limezoea nane, na linapopewa sita hubaki limetega, likingoja mbili zilizobaki. Kijana alizitoa mbili hizo kwa ukimya. Nilipomuuliza kama alihesabu, alicheka akasema, "Hapana, Mwalimu, sikuhesabu. Niliona tu sentensi ilikuwa haijamaliza kushuka." Na kweli ilikuwa haijamaliza. Mkazo wa Kiswahili hukaa katika silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo sauti hupanda juu ya *ko* na kuteremka juu ya *sa*. Silabi hiyo ya mwisho, kama karibu silabi zote za mwisho katika lugha yetu, ni irabu iliyo wazi, haina konsonanti ya kuifungia mlango, nayo hutoka na pumzi yote iliyobaki kifuani mwa msemaji. Mwigizaji mzuri huweka aibu yake katika irabu hiyo. Ukiifunika, umefunika aibu.

Watunzi wa muziki wa filamu waliosoma kwa kuiga filamu za Kiingereza hulikosa jambo hili, nami siwalaumu sana. Kiingereza kina maneno mengi yanayokatika kwa konsonanti, kama mlango unaogongwa. Muziki unaweza kuingia mara mlango unapogongwa, na hakuna kitakachopotea. Kwa Kiswahili mlango haugongwi. Hubaki wazi kidogo, na anayeingia kwa haraka humkanyaga aliyekuwa bado anatoka.

Katika filamu ile kuna zaidi ya hapo. Baba hajibu kwa Kiswahili. Anajibu kwa Kichaga cha Uru. Kiswahili, kama tujuavyo, kiliziacha toni zamani, kikabaki na mkazo na kiimbo. Lugha za Kichaga bado zinazo, na anayetaka kujua undani wake na asome kazi za mwanaisimu Lioba Moshi juu ya Kivunjo. Katika lugha ya toni, kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya neno lenyewe. Kuweka melodia inayopanda chini ya sauti inayoshuka ni sawa na mtu wa pili kusema neno tofauti wakati wa kwanza hajanyamaza. Kijana wangu alikua akisikia Kichaga jikoni na Kiswahili darasani, akawa na masikio mawili bila kujua kwamba ni mawili. Chini ya maneno ya baba hakuweka melodia yoyote. Aliweka tarumbeta moja, sauti moja ya chini, ndefu, isiyokwenda popote.

Kuhusu hilo tarumbeta nina neno la pembeni. Wapo watakaosema kwamba si ala ya asili, kwamba angetumia ngoma. Matarumbeta yalikuja mlimani na Walutheri, ni kweli, lakini tangu hapo yamesindikiza maharusi na maiti wa vizazi kadhaa, na mtoto wa Old Moshi au Machame akisikia sauti hiyo barabarani haendi kuuliza ilitoka Ujerumani lini. Anakimbilia getini. Djembe inayowekwa chini ya kila picha ya Kilimanjaro katika mtandao ndiyo ngeni hasa, maana kwao ni Afrika Magharibi.

Sasa nije kwenye jina.

Kiswahili hakikuwa maskini wa majina ya watu wa kazi hii. Tuna malenga, tuna manju wa ngoma, tuna mghani. Juu ya wote tuna mtunzi, na kitenzi chake, kutunga, ni miongoni mwa vitenzi vyenye mkono mrefu kabisa katika lugha yetu. Hutungwa ushanga, hutungwa samaki kwenye kijiti, hutungwa sheria, mimba hutunga, hata jipu hutunga. Katika karibu matumizi yote hayo kuna vitu vilivyokuwa vimetawanyika ambavyo sasa vimekutanishwa, vikawa kitu kimoja. Mtunzi wa muziki wa filamu hufanya hivyo hasa. Anapewa picha, maneno, hatua za miguu, upepo kwenye migomba, na anatafuta uzi. Wakati mwingine uzi huo ni noti nne, wakati mwingine ni kuamua kutoweka noti hata moja. Anayeamua ukimya uwe wapi ametunga, sawasawa na mshairi anayeamua kituo kiwe wapi.

Prodyuza ni neno zuri kwa kazi nyingine. Sina ugomvi na maneno ya mkopo. Tukiyafukuza yote tutabaki hatuna hata meza ya kuandikia. Lakini katika mazungumzo ya studio za Moshi, Arusha na Dar es Salaam, prodyuza ni mtu anayetengeneza biti, biti huuzwa, na kilichouzwa kimeuzwa. Mnunuzi ana haki ya kukikata, kukirefusha na kukibandika apendapo, kama mtu aliyenunua mita tatu za kitenge. Kwa hiyo mwongozaji aliyehamisha fidla kutoka kilimani hadi kwenye jani la isale hakujiona amemkosea mtu. Alinunua fidla, zikawa zake. Angekuwa na kazi ya "mtunzi" mkononi, pengine angepiga simu kwanza, kama ambavyo mhariri wa gazeti mwenye adabu humpigia mshairi kabla ya kubadili kina.

Na sheria iko upande wa neno la Kiswahili. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, ambayo ndiyo iliyoizaa COSOTA, inaitambua kazi ya muziki kuwa na mtunzi, na inampa mtunzi huyo, mbali na haki za fedha, haki ya kutajwa na haki ya kupinga kazi yake inapoharibiwa kwa namna inayomvunjia heshima. Sheria hiyo haikuandikwa kwa ajili ya wanamuziki wa jukwaani peke yao. Nimeona mikataba mitatu ya watunzi wa filamu wa mji huu, miwili ikiwa ni ujumbe wa simu, na hakuna hata mmoja uliotumia neno mtunzi. Wa tatu ulisema "huduma ya sauti". Mtu aliyetoa huduma ya sauti atadai mirabaha gani?

Kuna mtu mmoja, maarufu kuliko sote, ambaye maisha yake yanaonyesha uzito wa jambo hili, na ambaye aliwahi kutunga muziki wa filamu iliyopigwa jirani kabisa na sisi. Ni Henry Mancini, Mmarekani, aliyezaliwa mwaka 1924. Wengi tunamjua bila kujua kwamba tunamjua. Mwaka 1952 aliajiriwa na studio ya Universal, katika idara ya muziki ambako kazi iligawanywa kama nyama ya mnadani: filamu moja huenda ikapewa watunzi watatu, kila mmoja akachukua kipande chake. Filamu ya kutisha ya mwaka 1954, *Creature from the Black Lagoon*, ilitungwa hivyo, yeye akiwa mmoja wa watatu, na hakuna hata mmoja wa watatu hao aliyetajwa. Aliyetajwa ni mkuu wa idara. Huyo Mancini wa miaka ya 1950 ni ndugu yake kijana wangu wa Majengo, mtoa huduma ya sauti.

Mwaka 1958 alipoteza ajira hiyo. Akakutana na mwongozaji Blake Edwards kwenye kinyozi cha studio, akapewa kazi ya tamthilia ya televisheni iitwayo *Peter Gunn*, na santuri ya muziki huo ikapata tuzo ya Grammy ya albamu ya mwaka, ya kwanza kabisa kutolewa. Kuanzia hapo alikuwa mtunzi wa kujitegemea mwenye jina lake mwenyewe. Hakupata kipaji kipya mwaka ule. Masikio yake yalikuwa yaleyale. Kilichobadilika ni kwamba watu walijua nani wa kumpigia simu. Kitabu cha maisha yake, kilichotoka mwaka 1989, jina lake kwa Kiswahili lingekuwa hivi: Je, waliutaja muziki?

Mwaka 1962 ikatoka *Hatari!* ya Howard Hawks. Ilipigwa Tanganyika, sehemu kubwa upande wa Arusha na Momella, chini ya Meru, mahali ambapo siku ya anga safi Kilimanjaro huonekana ng'ambo. Upigaji picha ulianza tungali chini ya Waingereza, na filamu ilipofika kwenye majumba ya sinema Tanganyika ilikuwa huru. Jina lake ni neno moja la Kiswahili lenye alama ya mshangao, na nadhani ndilo neno letu lililobandikwa kwenye kuta nyingi zaidi za dunia wakati ule. Mancini alisimulia kwamba Hawks alimpa vitu alivyorudi navyo kutoka huku: ala kadhaa, miongoni mwake marimba ya vidole, pamoja na kanda ya Wamaasai wakiimba. Akavisikiliza, akavitumia.

Kipande kilichobaki masikioni mwa dunia, hata hivyo, ni kile cha ndovu wachanga wakienda kuoga nyuma ya mwigizaji Elsa Martinelli. Mancini aliutazama mwendo wao akasikia ndani yake boogie-woogie, mapigo manane katika kila kipimo. (Manane tena, lakini nisilazimishe udugu wa ndovu na utenzi.) Akaweka kinanda cha sarakasi na klarineti, na mwaka uliofuata kikampa Grammy nyingine. Sioni haya kusema kwamba nakipenda. Ni kazi ya mtu aliyetazama miguu ya mnyama kwa makini kuliko wengi wetu tunavyosikiliza usemi wa binadamu. Kosa langu naye si hilo.

Ninachouliza ni kuhusu walioimba kwenye kanda. Majina yao sijayaona popote, na nimeyatafuta. Mtu aliyejua kwa ngozi yake mwenyewe uchungu wa kutotajwa alipokea sauti za watu wasiotajwa, akafanya kazi nzuri juu yake, na kwa kadiri nionavyo hakuna aliyeona tatizo. Simwiti mwizi. Nasema hivi: kutotajwa kunapokuwa desturi ya kazi, hata mwema aliyewahi kuumizwa nako hukurithisha.

Mambo yanaweza kwenda vingine. Filamu ya *The Constant Gardener* ya mwaka 2005, iliyopigwa Kenya, muziki wake ulitungwa na Mhispania Alberto Iglesias, lakini ndani yake umo wimbo wa Ayub Ogada, *Kothbiro*, wa Kijaluo, na nyatiti yake. Jina la wimbo lina maana ya mvua inayokuja. Ogada alikuwa ameutoa kwenye albamu yake *En Mana Kuoyo* mwaka 1993, alikuwa na jina, na wimbo uliingia kwenye filamu ukiwa na mwenyewe. Watazamaji wa Ulaya hawakuelewa neno hata moja. Walielewa kwamba kuna mtu anasema jambo, na kwamba hasemi kwa ajili ya kuwapamba wao. Ogada alifariki mwaka 2019, na tangu wakati huo nimesikia wimbo ule katika misiba ya watu wasiojua Kijaluo.

Kijana wangu hana *Kothbiro*. Ana kodi ya chumba na mtoto wa miaka mitatu, na kazi inayolipa katika mji wa Moshi, niseme ukweli, si filamu za masale. Ni video za kampuni za kupandisha wageni mlimani. Dakika tatu: geti la Machame, mawingu yakiwa chini ya miguu, mgeni analia kwa furaha Uhuru alfajiri, wapagazi wanacheza. Na wapagazi wakicheza wanaimba, mara nyingi, *Jambo Bwana*, wimbo ambao bendi ya Them Mushrooms ya Kenya iliutoa mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa ajili ya wageni wa mahoteli ya pwani. Mlima umetiwa ndani ya maneno yake, basi. Hivyo wimbo unaotambulisha paa la Afrika ulizaliwa usawa wa bahari, kwenye mchanga. Sina kinyongo nao. Umewalisha wengi, na mpagazi aliyebeba kilo ishirini ana haki ya kuimba atakacho. Ila kijana aliniambia kwamba katika kazi za namna hiyo, mara tatu sasa, aliandika kiitikio chenye maneno mapya ya Kiswahili, na mara tatu akajibiwa kwamba maneno yapunguzwe, zibaki sauti tu, "kitu cha Kiafrika". Wakati lugha ya watu milioni nyingi inapoombwa ibaki sauti tu katika mji wake wenyewe, washairi tunapaswa kushtuka. Hatujashtuka, kwa sababu hatuko pale.

Hapo ndipo ninapotulaumu sisi. Tunagombana kwa siku nzima juu ya guni na masivina, juu ya nani kavunja arudhi na nani kaijenga, nami ni mmoja wa wagombanaji hao na sitaacha. Lakini mahali ambapo Watanzania wengi kabisa leo wanasikia Kiswahili kikiwa bega kwa bega na muziki si kwenye diwani wala kwenye kipindi cha malenga redioni. Ni kwenye filamu na tamthilia, katika simu zao, ndani ya basi la kwenda Rombo. Tumeliacha uwanja wazi eneo hilo, tukalidharau, kisha tunashangaa kwamba halina mizani. Ushairi wetu uliimbwa kabla ya kuchapwa. Mahadhi yalikuwa nusu ya kazi. Nani kati yetu amewahi kukaa na mtunzi wa filamu akamsomea mswada kwa sauti, ili asikie pumzi zinakaa wapi? Mimi mwenyewe sikuwa nimefanya hivyo, na kijana alikuwa mwanafunzi wangu.

Mwongozaji wa filamu ile ana hoja, na lazima nimtendee haki. Anajua filamu yake itaonyeshwa kwenye vibanda umiza, jenereta likinguruma nje na muuza karanga akipita ndani. Ukimya mahali pale si ukimya. Ni nafasi ya jenereta kuimba. Anajua pia kwamba mtazamaji wa simu akikosa sauti kwa sekunde nne hubofya kwingine. Aliweka fidla kwa woga wa kweli, si kwa ujinga.

Lakini nilikuwapo ilipoonyeshwa Uru, katika ukumbi wa kanisa, mbele ya watu ambao sura zao na migomba yao ilikuwa kwenye picha. Walitulia kabisa. Mbele yangu alikaa bibi mmoja aliyefunga kitenge mabegani, na kijana wa kwenye filamu alipopiga goti bibi aliegemea mbele. Midomo ya mwigizaji ikacheza, fidla zikapanda. Bibi akamgeukia mjukuu wake akauliza, "Amesemaje?" Mjukuu akamjibu. Kufikia hapo baba alikuwa amekwisha kulipokea jani, na bibi alikuwa bado anamtazama mjukuu.

Lile lilikuwa neno moja ambalo filamu nzima ilijengwa ili lisikike.

Sidai kwamba neno "mtunzi" kwenye orodha ya majina lingezuia hilo kwa uchawi. Nadai kwamba mtu anayeitwa mtunzi huulizwa. Hukaa chumbani wakati wa kukata picha, huweza kusema "hapana, hapa kuna irabu," na akisema hivyo huonekana anafanya kazi yake badala ya kuvuka mpaka. Kwa hiyo naomba vitu vidogo. Anayeandika orodha ya majina ya filamu aandike "Muziki umetungwa na", kisha jina kamili la mtu. Anayeandika mkataba, hata wa ujumbe wa simu, atumie neno hilohilo, na aseme kama anapewa ruhusa ya kuutumia muziki au anaununua moja kwa moja, maana hayo ni mambo mawili. Waliomo kwenye vyama vya ushairi wawaalike watunzi hawa kwenye vikao vyao, si kuja kupiga kinanda wakati wa chai, bali kuja kubishana. Na anayerekodi bibi akiimba kijijini kwa ajili ya filamu, aandike jina la bibi, na la kijiji, kabla hajazima kipaza sauti.

Kijana bado ana nakala yake ya filamu ile, ile yenye mfereji. Alinisikilizisha chumbani kwake usiku, kwa vipokea sauti, kwa kuwa mtoto alikuwa amelala. Maneno mawili, kisha maji, kisha kwa mbali mtu anakata majani ya ng'ombe kwa panga, ambaye hakupangwa awepo bali alinaswa siku ya kurekodi. Halafu baba anavuta pumzi.

Wiki iliyopita alinipigia. Mwanamama mmoja wa Marangu anatengeneza filamu juu ya wanawake wa mnada wa ndizi, na amekubali mtunzi aingie kazini kabla ya picha kupigwa. Amemtumia mswada. Kijana akaniomba, "Mwalimu, hebu nisomee kwa sauti, usiigize, soma tu, nirekodi." Nilimsomea kurasa kumi na nne kwenye simu. Alipomaliza kusikiliza aliomba nirudie ukurasa wa tisa, polepole zaidi, nikarudia.